Uzi: Simu ikisie yenyewe. Matatu 30 za Thika Road na bando linaloisha kabla ya jioni

FundiZimmerman (mwanzisha uzi)
Ijumaa, saa 4:10 usiku

Wadau, poleni na kazi za wiki. Uzi huu nimeuandika kwa siku tatu kwa sababu kila mtu akiuliza humu kwa nini michezo ya mtandaoni inakula data, anajibiwa "nunua bando kubwa". Hilo si jibu. Sehemu kubwa ya kinachotumwa haikuhitaji kutumwa kabisa, na nitawaonyesha kwa kazi yetu wenyewe.

Tuko watatu, tunatengeneza mchezo wa mbio za matatu kwenye Thika Road, kutoka Pangani hadi Githurai, wachezaji 30 barabara moja. Mwenzetu mmoja anakaa Umoja, mwingine Rongai, mimi niko Zimmerman. Toleo la kwanza tuliliandika jinsi karibu kila mtu anavyoanza: kila simu inaiambia seva "niko hapa" mara 20 kwa sekunde, na seva inawapasha wengine wote. Kwa Wi-Fi ya nyumbani lilikwenda safi. Jumapili moja tukalijaribu kwa data ya simu. Alasiri haijafika, mwenzetu wa Rongai akaletewa ule ujumbe tunaoujua sote, bando limekwisha. Niliumia kweli, maana mchezo huu tunamtengenezea kijana anayenunua bando la shilingi 20 na kulibana mpaka jioni.

Usiku huo nikakaa na kalamu. Taarifa ya gari moja kwetu ilikuwa baiti 30: mahali lilipo baiti 12, kasi yake baiti 12, upande linakotazama baiti 4, namba ya gari baiti 2. Wenzako barabarani ni 29, kwa hiyo baiti 870. Ongeza bahasha ya kila pakiti (furushi moja la data), baiti 20 za IP na 8 za UDP, yaani kanuni za mtandao za kuandika anwani na kusafirisha, unafika 898. Mara 20 kwa sekunde ni 17,960. Kwa saa moja ni karibu megabaiti 65 kwa simu moja, na hapo nimehesabu zinazoingia tu. Seva nayo, yenye simu 30 za kuhudumia, inasukuma zaidi ya baiti 538,000 kila sekunde. Wachezaji wakiwa mara mbili, mzigo wa seva unakuwa mara nne, kwa kuwa kila mmoja lazima aletewe habari za kila mwingine.

Sasa jiulize: katika hizo pakiti zote, habari mpya ni ngapi?

Chukua matatu imetoka Muthaiga inaelekea Allsops, barabara nyeupe, mita 20 kwa sekunde. Pakiti ya kwanza imesema iko wapi na inakwenda kasi gani. Pakiti ya pili, milisekunde 50 baadaye, inasema imesogea mita moja. Lakini hilo nilishalijua! Nilijua mahali, nilijua kasi, nina saa. Ni sawa na mtu aliye kwenye basi la kwenda Kisumu anayekupigia kila dakika kukuambia bado yuko njiani. Ungemwambia, ndugu yangu, nipigie basi likiharibika.

Ndiyo njia yenyewe. Simu yangu ikipokea taarifa ya gari lako inaunda kivuli cha gari hilo na kukiendesha peke yake: mahali pa mwisho, jumlisha kasi mara muda uliopita. Haisubiri pakiti nyingine ili ichore fremu inayofuata, yaani picha inayofuata ya skrini. Mpaka hapo wengi wanafika, kisha wanakwama kwenye swali la pili: anayetuma atajuaje kwamba kivuli changu kimeanza kukosea?

Jibu lake ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Anayetuma anaendesha kivuli hichohicho. Seva inajua gari lako lilipo kweli, na pembeni yake inaendesha nakala ya kile ambacho mimi, nikiwa na taarifa ile ya mwisho tu, ninaamini. Kila fremu inapima umbali kati ya ukweli na kivuli. Ukiwa mdogo inanyamaza. Ukivuka kizingiti, tuseme mita 1, inatuma. Kwa hiyo seva haitumi kwa sababu saa imefika. Inatuma kwa sababu inajua nimedanganyika.

Tuone breki. Matatu inakwenda mita 20 kwa sekunde, dereva anaona abiria wa Roysambu na kushika breki ya mita 4 kwa sekunde kwa sekunde. Kivuli changu hakijui, kinaendelea na 20. Kosa ni nusu ya mchapuko (kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, hapa 4) mara muda mara muda. Baada ya nusu sekunde kosa ni nusu mita. Linafika mita 1 baada ya sekunde 0.7. Yaani hata wakati huo ambao gari linabadili mwendo kwa nguvu, kimya kimedumu sekunde 0.7, muda ambao toleo letu la zamani lingekuwa limetuma pakiti 14. Na pale barabara inaponyooka kimya kinadumu zaidi sana.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1983 DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, lilianzisha SIMNET, mradi wa kuunganisha vifaru vya kuigiza kwenye mtandao ili askari wafanye mazoezi pamoja. Mitandao ya wakati ule isingebeba kila kifaru kikitangaza kila hatua, hivyo kila kompyuta ikakisia vifaru vya wenzake na kutuma pale tu kivuli kilipopotea. Kutoka hapo ukatokea utaratibu wa DIS, wa kuunganisha mazoezi ya kuigiza kwenye mtandao, ambao IEEE, chama cha wahandisi, iliupa namba 1278 mwaka 1993. Humo, usipopanga vingine, kizingiti ni mita 1 kwa mahali na digrii 3 kwa uelekeo, na hata kama hakuna kilichobadilika chombo kinatuma salamu kila sekunde 5 ili wajue kingali hai. Wao waliziita salamu hizo mapigo ya moyo.

Sasa rudia hesabu yetu. Tuseme kila gari linahitaji taarifa 2 kwa sekunde kwa wastani. 29 × 2 × 30 ni baiti 1,740. Weka na bahasha 20 kwa sekunde, za baiti 28 kila moja, jumla 2,300. Kwa saa moja ni megabaiti 8.3 badala ya 65.

Nitaeleza yaliyotushinda kesho. Nataka kwanza nisikie waliofanya kazi ya namna hii.

---

Baharia_Mstaafu
Ijumaa, saa 4:52 usiku

Mwanangu, mimi sijui kuandika programu, mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha huu uzi. Lakini unachoeleza nimekifanya kwa mikono. Nimezaliwa Lamu, nimekaa baharini miaka mingi kabla ya kuhamia huku Eastleigh kwa watoto.

Zamani, kabla vyombo havijawekewa mashine za setilaiti, nahodha akiacha kuona nchi kavu anabaki na vitu vitatu: dira, mwendo wa chombo, na muda. Mwendo tuliupima kwa kutupa kamba yenye mafundo majini na kuhesabu mafundo yanayopita mkononi. Ukishajua umetoka wapi, unaelekea wapi na kwa mwendo gani, unaweka alama kwenye chati: sasa hivi tuko hapa. Hujapaona, unapakisia. Waingereza huita dedi rekoningi.

Nakwambia jambo ambalo baharini linaua. Kosa halikai lilivyo, linakua. Mkondo wa maji unakusukuma kidogo kidogo na wewe huuoni. Saa moja si kitu. Siku nzima unaamka mwambani. Kwa hiyo nahodha mwenye akili anapoona mnara au kisiwa anachokijua hafurahi tu, anafuta alama yake ya kukisia na kuanza upya pale. Wewe hiyo pakiti yako ndiyo kisiwa.

---

FundiZimmerman
Ijumaa, saa 5:03 usiku

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana. Maneno hayo, kosa linakua, nitayaandika juu ya msimbo wetu.

---

MlinziWaSeva
Jumamosi, saa 1:20 asubuhi

Uzi mzuri, lakini nina maswali mawili, usinichukulie vibaya.

La kwanza. Hizo taarifa 2 kwa sekunde umezitoa wapi? Hesabu yote ya megabaiti 8.3 imesimama juu ya namba hiyo.

La pili ndilo zito. Unasema seva inajua ninachoamini. Inajua? UDP haiahidi kufikisha kitu. Seva imetuma "nimeshika breki", pakiti ikapotea kwenye mnara mahali fulani. Seva inadhani nimepata, imeshasahihisha nakala yake ya kivuli, imeridhika na kunyamaza. Mimi huku, kwenye simu yangu, gari hilo bado linakwenda 20. Vivuli viwili havifanani tena na hakuna anayejua.

---

FundiZimmerman
Jumamosi, saa 3:45 asubuhi

Nimekusoma, mkuu, na yote mawili yana haki.

La kwanza: 2 ni makadirio niliyoyajenga juu ya hesabu ya breki. Kwa kizingiti cha mita 1 na breki isiyoachiliwa, taarifa inahitajika kila sekunde 0.7, yaani kama 1.4 kwa sekunde, na hiyo ndiyo hali ngumu. Nikaongeza kwa ajili ya kubadili leni na kugongana. Mchezo wa magari una bahati: gari ni zito, haliwezi kugeuka papo hapo. Ukichukua mchezo wa kupigana, ambapo mtu anaruka kushoto na kulia mara nne kwa sekunde, namba hiyo haitasimama na mimi sitaitetea.

La pili lilitupata hasa. Dawa tuliyoweka ni hii: simu inarudishia seva namba ya taarifa ya mwisho iliyoipokea, na seva inajenga kivuli chake juu ya ile iliyothibitishwa, si ile iliyotumwa. Pakiti ikipotea, kivuli cha seva kinabaki kilivyo cha kwako, kosa linaonekana, inatuma tena. Uthibitisho hauhitaji pakiti yake, unapanda kwenye pakiti zinazopeleka kwa seva amri za vidole vyako. Baiti mbili tu.

Hiyo bahasha ya baiti 28 ni jambo la kukumbuka siku zote. Ukituma pakiti yenye baiti 10 za maana, umelipia 38. Watu wanahangaika kubana yaliyomo ilhali bahasha ndizo zinazowafilisi. Kusanya, kisha tuma pamoja.

---

Mwanafunzi_Juja
Jumamosi, saa 5:30 asubuhi

Kaka, naomba kuuliza. Darasani tulisoma kwamba mchezo wa bunduki wa Quake ulikuwa na "kukisia upande wa mchezaji". Ni kitu hiki hiki? Na mbona kwenye michezo ya bunduki naambiwa wenzangu ninaowaona ni wa zamani, hawakisiwi mbele?

---

MlinziWaSeva
Jumamosi, saa 6:15 mchana

Acha nilijibu hili, Fundi apumzike.

Ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Quake ya mwaka 1996 ilipotoka, ukibonyeza kwenda mbele, ombi lako lilikwenda kwa seva na hukusogea mpaka jibu lirudi. Kwa aliye kwenye modemu ya simu ilikuwa kama kutembea kwenye tope. Desemba mwaka huohuo John Carmack na id Software, waliotengeneza Quake, wakatoa QuakeWorld: kompyuta yako inakusogeza wewe mwenyewe papo hapo, bila kungoja, huku ikihifadhi kila amri uliyotoa na namba yake. Seva ikijibu "nimefika amri ya 57, ulikuwa hapa", kompyuta yako inakurudisha hapo, kisha inarudia amri ya 58, 59, 60 zote kwa mara moja, ndani ya fremu ileile. Kama mlikubaliana, huoni lolote. Hiyo inaokoa hisia ya mkono wako, haiokoi data. Anachozungumzia Fundi ni kuwakisia wengine, na hiyo ndiyo inayopunguza pakiti.

Kwa michezo ya bunduki: kampuni ya Valve kwenye Source, injini yao (programu ya msingi ya kuundia michezo), walipanga seva itume picha 20 kwa sekunde, na kompyuta yako iwachore wenzako kama walivyokuwa milisekunde 100 zilizopita. Kwa nini nyuma? Kwa sababu nyuma una nukta mbili za kweli, unachora mstari kati yake na huwezi kubuni kitu ambacho hakikutokea. Mtu anayekimbia anageuka ghafla; ukimkisia mbele, utamwona amepenya ukutani kisha anarudi. Wao wakaona bora picha ya zamani iliyo ya kweli, halafu seva ndiyo irudi nyuma kwenye muda ule ulioona wewe ili kuamua kama risasi imempata. Yahn Bernier wa Valve alikuwa ameshaeleza misingi ya njia hiyo mwaka 2001, kabla Source haijatoka. Kukisia mbele walikuacha kwa dharura tu, pakiti zikikatika, na hata hapo kwa robo sekunde.

Magari ni tofauti. Ukimwona mwenzako alipokuwa milisekunde 100 zilizopita na nyote mnakwenda mita 20 kwa sekunde, yuko mita 2 nyuma ya mahali pake. Huwezi kushindana ubavu kwa ubavu hivyo. Rocket League ya mwaka 2015 ni magari na mpira, na wao wanakisia vyote, magari ya wengine na mpira wenyewe, wakiendesha fizikia mara 120 kwa sekunde kwenye kila mashine.

---

Mwanafunzi_Juja
Jumamosi, saa 6:22 mchana

Sasa nimeelewa. Ahsanteni.

---

Dada_wa_Umoja
Jumamosi, saa 10:05 jioni

Mimi ndiye huyo mwenzao wa Umoja, nimepewa kazi ya kuchora na kujaribu. Fundi ameahidi kueleza yaliyotushinda, ila niliyeyaona kwa macho ni mimi, kwa hiyo niacheni niyaseme.

Baada ya kivuli cha kwanza kufanya kazi, tukaongeza mchapuko. Yaani kivuli hakijui kasi tu, kinajua pia kwamba gari linashika breki, na kinaendelea kupunguza chenyewe. Kwenye karatasi ni kuzuri: dereva akishika breki bila kubadilisha nguvu, hakuna haja ya taarifa nyingine mpaka asimame.

Nilikuwa nimeketi sebuleni, simu mbili mezani zimelala ubavu kwa ubavu. Ya kushoto ilikuwa yangu. Ya kulia ilikuwa ya mdogo wangu, inanitazama mimi. Nikashika breki kuingia stage ya Roysambu. Kwenye simu yangu matatu ikasimama, nikaachilia kidole. Kwenye simu ya mdogo wangu matatu ikapunguza, ikasimama sawasawa mbele ya kibanda, halafu ikaanza kurudi nyuma. Taa za breki zinawaka, hakuna dereva anayefanya kitu, gari linarudi. Polepole kwanza, kisha kwa kasi, likapita katikati ya matatu mbili nyingine zilizosimama. Kisha, puu, likarudi mahali pake.

Nikachukua video nikawatumia. Sababu ikajulikana dakika hiyohiyo. Pakiti ya "nimesimama" ilipotea, na kivuli kiliendelea kutoa mita 4 kila sekunde hata baada ya kasi kufika sifuri. Kutoka mita 20 kwa sekunde unasimama baada ya sekunde 5, mita 50 mbele. Ukiacha hesabu iendelee, sekunde ya 7 gari liko mita 42. Limerudi mita 8 na bado linaongeza. Wakati huo uthibitisho aliousema Fundi hatukuwa nao, na salamu zetu zilikuwa kila sekunde 5, ndiyo maana lilikaa hivyo muda wote ule.

Tukaweka sheria: breki ikifikisha kasi sifuri, mchapuko unakufa hapo hapo. Tukaweka ya pili, kwamba kivuli kinaamini mchapuko kwa sekunde moja tu. Baada ya hapo kinaenda kwa kasi ya mwisho iliyobaki. Mguu wa dereva haukai mahali pamoja muda mrefu, basi na sisi tusiuamini muda mrefu. Salamu nazo tukazishusha hadi sekunde 2.

Jambo la pili ni kusahihisha. Taarifa mpya ikifika na kuonyesha gari liko mita moja na nusu pembeni, usilirushe. Jicho linaona mruko wa nusu mita, lakini haliyaoni makosa ya mita moja yanayofutwa pole pole. Sisi tunachukua pengo hilo na kulimaliza ndani ya milisekunde 200, gari likiwa linaendelea mbele. Likiwa pengo ni kubwa kupita urefu wa gari, linahamishwa mara moja, maana kuliburuta mita 10 ubavu kunaonekana vibaya zaidi kuliko kulirusha. Nilijaribu milisekunde 500 na magari yakawa yanateleza kama yako kwenye matope ya Aprili. Nilijaribu 80 na yakawa yanatetemeka. 200 ndiyo macho yangu yaliyokubali. Wengine mtapata namba yenu.

---

FundiZimmerman
Jumamosi, saa 1:40 usiku

Dada ameeleza vizuri kuliko mimi. Niongeze sehemu ambayo sasa naiona ndiyo iliyotufaa zaidi.

Kivuli cha mstari ulionyooka kinashindwa kwenye kona. Gari likipinda kona yenye nusu kipenyo cha mita 100 kwa mita 15 kwa sekunde, linavutwa kuelekea katikati kwa mita 2.25 kwa sekunde kwa sekunde. Kivuli kilichonyooka kinakosea mita 1 kabla ya sekunde moja kwisha. Kwa hiyo kila kona, magari yote 30 yanapiga kelele pamoja: taarifa, taarifa, taarifa. Tuliona kwenye kumbukumbu za seva, kila kundi likifika Pangani pale kwenye mizunguko ya daraja, pakiti zinapanda.

Mwenzetu wa Rongai, ambaye haandiki humu, akasema kitu rahisi: barabara yenyewe inajua matatu inaenda wapi. Ramani ya Thika Road iko ndani ya kila simu, hakuna haja ya kuituma. Basi gari lisiwe na mahali pa x, y, z. Liwe na namba mbili: umbali tangu mwanzo wa barabara, na umbali kutoka mstari wa katikati. Kivuli kinasonga mbele kwa kufuata barabara, kona ikija kinapinda nayo. Dereva akifuata leni yake kama kawaida, kona yote inapita kimya.

Na taarifa ikapungua pia. Kwa barabara ya kilomita 10, umbali unaingia kwenye biti 16, yaani baiti 2: mita 10,000 gawa kwa 65,536, ni sentimita 15 kwa hatua moja. Inatosha. Kasi baiti moja, leni baiti moja, mchapuko baiti moja, namba ya gari baiti moja kwa kuwa ni 30 tu. Baiti 6 badala ya 30. Matatu inapotoka barabarani, kwa mfano kupanda ukingo kukwepa foleni, tunarudi kwenye njia ya zamani ya x, y, z mpaka itakaporudi lami. Biti moja inaeleza ni njia ipi.

Kizingiti nacho hakipaswi kuwa kimoja kwa wote. Matatu iliyo mita 800 mbele yangu ni nukta kwenye skrini. Hata ikikosewa mita 5 siioni. Aliye ubavuni mwangu namtaka kwa nusu mita. Kwa hiyo seva inapima kosa kulingana na nani anatazama.

Mwisho, muda. Pakiti ikinifikia tayari ni habari ya zamani. Kama imetumia milisekunde 150 njiani na gari linakwenda mita 20 kwa sekunde, limeshasogea mita 3 tangu iandikwe. Kwa hiyo andika saa ya seva ndani ya kila pakiti, na kivuli kianze kuhesabu kutoka saa hiyo, si kutoka saa ya kupokea. Simu ijue saa ya seva kwa kuuliza mara kwa mara na kugawa mbili muda wa kwenda na kurudi. Tulipolisahau hili, kila mtu aliona yeye ndiye anayeongoza.

---

MlinziWaSeva
Jumamosi, saa 2:30 usiku

Hii ya barabara ni nzuri sana. Naiba.

Niwaonye mawili. Simu isiruhusiwe kutangaza mahali pake yenyewe. Ipeleke vidole tu, kanyagio na usukani, seva ihesabu. Ukiiamini simu inayosema "niko Githurai", kuna kijana atakayeandika programu ya kumfikisha Githurai kwa sekunde tatu. Na kuna wizi mwingine unaotumia ukisiaji wenyewe: mtu ananyamazisha pakiti zake makusudi, wenzake wanaendelea kuona kivuli chake kikienda mbele, yeye anatazama wanavyofanya, kisha anatuma taarifa inayomfaa. Seva ikiwa ndiyo inayoendesha gari na saa ni yake, ukinyamaza gari lako linaendelea na kanyagio la mwisho ulilobonyeza, na hupewi nafasi ya kurudi nyuma kuandika upya.

La pili: kukisia hakufupishi dunia. Nairobi hadi London kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 6,800. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi si chini ya milisekunde 68 hata ukichimba mstari ulionyooka, na kebo haziendi hivyo, zinashuka Mombasa kisha zinazunguka baharini. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, wengi wetu humu tuliona pingi, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, zilivyopanda. Watu wawili wako Umoja, nyumba zinatazamana, seva iko Ulaya: kila breki inavuka bahari mara mbili. Wekeni seva hapa Nairobi. Mitandao yetu inakutana KIXP, kituo cha kubadilishana data cha Kenya, pakiti haina sababu ya kutoka nchini.

---

FundiZimmerman
Jumamosi, saa 2:48 usiku

Seva iko hapahapa mjini tangu siku ya kwanza. Kwa baiti 538,000 kwa sekunde tulihitaji laini ambayo hatukuweza kuilipia. Kwa hesabu ya sasa inapita kwenye laini ya kawaida ya nyumbani ya Dada, na TV ya kwao inaendelea. Hiyo ya kunyamazisha pakiti nitaijaribu usiku huu mimi mwenyewe, nione kama naweza kuiba.

---

Dada_wa_Umoja
Jumapili, saa 11:20 jioni

Tumejaribu leo tena kwa data ya simu, kama ile Jumapili ya kwanza. Mwenzetu wa Rongai alinunua bando lilelile, la bei ileile. Tumecheza tangu saa nane mchana.

Safari hii sikuweka video. Niliweka simu mbili mezani kama siku ile na nikamwomba mdogo wangu atazame ya kulia bila kumwambia ni kwa nini. Nikapita Kasarani, nikapinda leni ya pembeni, nikashika breki Roysambu. Kwenye simu yake matatu ilichelewa kidogo sana kuanza kupunguza, ikajisogeza pembeni nusu mita huku inaendelea, ikasimama mbele ya kibanda. Nikamwuliza ameona nini. Akasema, "Umesimama stage."

Kwenye orodha ya seva, tangu Kasarani mpaka hapo, gari langu lilikuwa limetajwa mara sita.

Rongai bado ana bando.